Nondo Nne Kwenye Lenta: Hesabu ya Tetemeko kwa Ngara na Biharamulo

Pima kwenye ramani umbali kutoka mji wa Ngara, mkoani Kagera, hadi Nsunga, Missenyi, karibu na kilipokuwa kitovu cha tetemeko la Septemba 10, 2016. Unapata karibu kilometa 200 kwa mstari ulionyooka. Kisha geukia magharibi, pima hadi ukingo wa Ziwa Kivu karibu na Bukavu, lilikotokea tetemeko la Februari 3, 2008. Unapata karibu kilometa 200 tena. Matetemeko hayo mawili yalikuwa na ukubwa ule ule, 5.9. Ngara imekaa katikati yake, na Biharamulo iko kilometa 180 hivi kutoka Nsunga.

Lile la 2008 liliua watu wasiopungua 40 katika Rwanda na Kongo, baadhi yao wakiwa kanisani, kwa kuwa ilikuwa Jumapili asubuhi. Lile la 2016 liliua watu 17 na kujeruhi 440. Zaidi ya nyumba 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine zaidi ya 14,000 zikabaki zimesimama lakini hazifai kulalwa. Mzigo mkubwa uliangukia Bukoba, Missenyi na wilaya za jirani. Ngara na Biharamulo zilitikisika, lakini watu wake walibaki na nyumba zao.

Kwa hiyo wengi katika wilaya hizi mbili wameona tetemeko ni jambo la Bukoba. Sioni msingi wa imani hiyo. Kinachotenganisha Ngara na Bukoba katika habari ya 2016 ni umbali kutoka kwenye kitovu. Ubora wa kuta hauhusiki, maana kuta ni zile zile: tofali za kuchoma au mbichi, mara nyingi zimeunganishwa kwa udongo, juu bati. Kitovu kingesogea kilometa 150 kuelekea kusini-magharibi, orodha ya nyumba zilizoanguka ingeandikwa Ngara.

Tarakimu za 2016 zenyewe zina onyo. Gawanya nyumba 16,000 zilizoanguka au kuwa hatari kwa vifo 17: ni karibu nyumba 1,000 zisizokalika kwa kila aliyefariki. Uwiano huo ni mwema kupita kawaida, na sababu zake hazikuwa uimara wa nyumba. Ya kwanza ni kina. Tetemeko la Kagera lilianzia takriban kilometa 40 chini ya ardhi, na lile la Ziwa Kivu takriban kilometa 10. Nguvu ikitoka chini sana hupungua njiani kabla haijafika kwenye msingi wa nyumba. Ya pili ni saa. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri. Madarasa yalikuwa matupu, na watu wengi walikuwa shambani, sokoni au barazani. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa na wanafunzi wake kuhamishwa. Atakayetumia vifo 17 kupima jinsi tulivyojikinga atakuwa anapima bahati.

Na ukubwa wa 5.9 si kikomo cha ukanda huu. Desemba 1910, upande wa Rukwa, lilitokea tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Kila hatua moja ya kipimo huzidisha nishati kwa karibu mara 32, kwa hiyo tofauti ya 1.5 ni karibu mara 180. Desemba 2005 lilitokea jingine la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Uganda ilipata lake la Toro mwaka 1966, likaua watu zaidi ya 150. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linaendelea kupanuka, na Kagera iko ubavuni mwake.

Sasa tuje kwenye kanuni za ujenzi. Swali la kama zinatukinga huulizwa vibaya mara nyingi. Watu huuliza: je, kanuni ipo? Kenya ilitoa mwongozo wake wa ujenzi kuhusu matetemeko mwaka 1973. Uganda ina kiwango chake cha mwaka 2003, namba US 319. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, wahandisi wamesomeshwa na kusanifu majengo ya zege kwa kiwango cha Uingereza, BS 8110, kilichoandikwa kwa ajili ya nchi isiyosumbuliwa na matetemeko.

Humo kuna tarakimu moja inayoeleza mengi. BS 8110 ilitaka jengo lisanifiwe kuhimili msukumo wa pembeni usiopungua asilimia 1.5 ya uzito wake, ili tu lisiwe legelege. Tetemeko husukuma kwa kadiri ya uzito wa jengo na kasi ambayo ardhi inachezeshwa nayo. Mtikisiko wa sehemu ya kumi ya mvutano wa dunia, ambao si mkubwa kwa maeneo yaliyo karibu na Bonde la Ufa, unamaanisha msukumo wa karibu asilimia 10 ya uzito. Kati ya 1.5 na 10 kuna pengo la zaidi ya mara sita. Jengo linaweza kufuata kanuni hiyo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na bado lisiwe limesanifiwa kwa tetemeko.

Lakini hata kanuni nzuri ni kipande kimoja tu cha hesabu. Ulinzi anaoupata mtu aliyelala Rulenge au Nyakahura ni zao la mambo matatu: ubora wa maandishi, sehemu ya majengo ambayo maandishi hayo yanayafikia, na sehemu ya hayo yaliyofikiwa ambayo fundi aliyatii kweli. Neno la msingi ni zao, kwa maana ya kuzidisha. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, kanuni ni bora kwa asilimia 90, inafikia asilimia 10 ya nyumba, na nusu ya hizo zinaifuata. Zidisha 0.9 kwa 0.1 kwa 0.5, unapata 0.045, yaani ulinzi wa asilimia nne na nusu. Sasa boresha maandishi hadi asilimia 100: unapata 5. Acha maandishi yalivyo, ongeza nyumba zinazofikiwa kutoka asilimia 10 hadi 40: unapata 18.

Uturuki ilionyesha jambo hili kwa gharama isiyoelezeka. Kanuni zake za tetemeko zilirekebishwa 1998, 2007 na 2018, na zilihesabiwa kuwa miongoni mwa nzuri. Ila mwaka ule ule wa 2018 serikali ilitoa msamaha kwa majengo yaliyojengwa bila kufuata taratibu, wenye nyumba wakalipa ada na kurasimishwa. Februari 6, 2023 ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 7.8, na zaidi ya watu 50,000 walikufa katika Uturuki peke yake. Upande mwingine iko Chile: Februari 2010 ilipata tetemeko la 8.8, likaua watu zaidi ya 500. Mwezi mmoja kabla, Haiti ilipata la 7.0, lenye nishati ndogo kuliko la Chile kwa karibu mara 500, na makadirio ya vifo yanapita 100,000. Kitovu cha Haiti kilikuwa jirani na mji mkuu, hilo lazima lisemwe. Lakini Chile ilikuwa na kanuni zilizoshuka hadi kwenye tofali la nyumba ya mtu wa kawaida, na Haiti haikuwa nazo.

Kwa Ngara na Biharamulo, kigezo kidogo kuliko vyote kati ya hivyo vitatu ni cha kati: kufikiwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, wengi wao vijijini. Kibali cha ujenzi na mhandisi wa halmashauri ni mambo ya mjini, sokoni na kando ya barabara kuu. Kijijini mwenye nyumba anaongea na fundi wake, wanakubaliana idadi ya vyumba, kazi inaanza. Wilaya ya Ngara hiyo hiyo ina Mradi wa Umeme wa Maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uliojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, benki ambayo haikopeshi mradi wa aina hiyo bila wataalamu kukagua usalama wa bwawa. Mita mia chache kutoka kwenye miundombinu ya namna hiyo unakuta ukuta wa tofali za kuchoma uliosimama bila nondo hata moja.

Tuufanyie hesabu ukuta huo. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, ya vyumba vitatu na sebule. Kuta za nje ni mita 36. Ongeza za ndani mita 22, jumla mita 58. Unene sentimeta 20, kimo mita 2.7, na tofali la udongo lina uzito wa karibu kilo 1,800 kwa meta moja ya ujazo. Kila mita moja ya ukuta ina uzito wa karibu tani moja. Toa milango na madirisha, unabaki na takriban tani 48 za kuta. Paa la bati pamoja na kenchi zake halifiki tani 2.

Hapo ndipo hatari ilipo. Watu wengi hulitazama paa wakifikiri ndilo litakalowaangukia, kumbe paa la bati ni jepesi. Kinachoua ni ukuta. Msukumo wa asilimia 10 kwenye tani 48 ni karibu tani 5 zinazovuta nyumba upande mmoja, kisha upande wa pili, mara kadhaa kwa sekunde chache. Ukuta wa tofali hubeba mzigo wa kushuka chini vizuri sana, lakini ukisukumwa ubavuni hauna cha kujishikilia. Pembe zinaachana kwanza, ukuta mrefu unalala nje, na ule wa pembetatu unaobeba ncha ya paa unatangulia.

Dawa yake inajulikana na mafundi wanaijua kwa jina: lenta. Ila lenta inayosaidia wakati wa tetemeko haiishii juu ya dirisha na mlango. Inazunguka nyumba nzima, kuta za nje na za ndani, bila kukatika, na nondo zake zinapinda kwenye kila pembe na kuendelea. Inafanya kazi ya mshipi: ukuta mmoja ukitaka kuanguka, kuta nyingine tatu zinaushikilia. Kanuni za Ulaya za tetemeko, zinazofahamika kama Eurocode 8, zinaweka masharti ya chini kwa ukuta wa tofali uliofungwa kwa zege: mkanda usiopungua sentimeta 15, nondo zenye jumla ya eneo lisilopungua milimita za mraba 300, ringi zisizozidi sentimeta 15 kutoka moja hadi nyingine, na nguzo ndogo za zege kwenye makutano ya kuta, zisizoachana zaidi ya mita 5. Nondo nne za milimita 10 zina eneo la milimita za mraba 314. Yaani sharti la chini la Ulaya linatimizwa na nondo ambazo zinauzwa hardware yoyote ya Biharamulo mjini.

Gharama yake basi. Lenta ya sentimeta 20 kwa 15 kuzunguka mita 58 ni meta za ujazo 1.74 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, hiyo ni mifuko 12 ya saruji ukihesabu na upotevu kidogo. Nondo nne za milimita 10 pamoja na mapishano yake ni mita 255, sawa na vipande 22 vya mita 12. Ringi 387 za milimita 6 zinataka vipande 20. Bei hupanda na kushuka, na aliye Kabanga mpakani halipi sawa na aliye Nyakanazi, kwa hiyo nitaweka bei za mfano na msomaji aweke zake: saruji Sh 22,000 kwa mfuko, nondo ya milimita 10 Sh 20,000, ya milimita 6 Sh 8,000. Vifaa vinafika Sh 864,000. Weka Sh 400,000 kwa mchanga, kokoto, mbao za kumwagia zege na ujira. Jumla Sh 1,264,000. Kama nyumba nzima inagharimu Sh milioni 25, hiyo ni asilimia 5.

Ukiongeza nguzo ndogo tisa kwenye makutano ya kuta, zenye kimo cha mita 3, unahitaji mifuko 6 zaidi, nondo 12 za milimita 10 na 9 za milimita 6, pamoja na kazi. Tuite Sh 700,000. Jumla ya vyote ni karibu Sh milioni 2, asilimia 8 ya nyumba. Na mwenye nyumba ambaye tayari alikusudia kuweka lenta juu ya madirisha halipi yote hayo. Analipa tofauti tu.

Faida yake? Eurocode 8 hupima kwa mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kutokea ndani ya miaka 50, ambao kwa wastani hurudi kila miaka 475. Chukua nyumba ya milioni 25: asilimia 10 ya kupotea ni hasara tarajiwa ya Sh milioni 2.5 katika miaka 50. Umetumia milioni 2 kuizuia. Kwa fedha tupu faida ni nyembamba, na mchumi atasema shilingi ya leo ina thamani kuliko ya miaka 40 ijayo, kwa hiyo haipo kabisa. Nadhani ni haki kusema hivyo waziwazi. Anayeuza lenta kwa wananchi kama biashara yenye faida kubwa ya fedha anawadanganya. Lenta inanunua watu. Ukuta wa tofali mtupu unaruhusiwa na kanuni za Ulaya kuhesabiwa uwezo mdogo wa kujinyumbua, kigawo cha 1.5, uliofungwa kwa zege unapewa kati ya 2 na 3. Uwezo huo ndio unaofanya nyumba ipasuke bila kuporomoka, watoto wakapata nafasi ya kutoka.

Kuna hesabu nyingine ambayo mwananchi wa Kagera ameshapigiwa. Baada ya 2016 serikali ilieleza wazi kwamba itarudisha majengo ya umma na haitawajengea watu binafsi nyumba zao. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Mwenye nyumba iliyoanguka Hamugembe, mjini Bukoba, alijijengea. Asiye na bima, na vijijini ni karibu wote, bima yake pekee ni kilichomo ndani ya ukuta.

Kwenye majengo ya umma, kwa maoni yangu hakuna mjadala wa kufanya. Mwaka 2021 serikali ilitumia fedha za mpango wa UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000, kila moja likitengewa Sh milioni 20. Asilimia 8 ya darasa ni Sh milioni 1.6. Darasa likichukua wanafunzi 45 kama kiwango kinavyotaka, ni Sh 35,600 kwa kiti kimoja. Darasa likidumu miaka 50, ni karibu Sh 710 kwa kiti kwa mwaka. Hospitali inastahili zaidi: Eurocode 8 inapendekeza shule zisanifiwe kwa mtikisiko uliozidishwa mara 1.2 na hospitali mara 1.4, kwa sababu siku ya tetemeko ndiyo siku ambayo hospitali ya Murgwanza, Ngara, lazima ipokee majeruhi. Wodi ikianguka, waliovunjika watapelekwa wapi?

Swali gumu linabaki kwa yule ambaye nyumba yake haigharimu milioni 25. Nyumba ya tofali mbichi inayomgharimu mtu milioni 4 haiwezi kubeba lenta ya milioni 1.26, hiyo ni karibu theluthi nzima ya nyumba. Kumwambia huyu afuate Eurocode ni kumwambia asijenge. Lakini ana njia. Nyumba ya kukandika, ya miti iliyosukwa na kujazwa udongo, ambayo babu zake walijenga na sasa inaonekana ya kimaskini, huvumilia mtikisiko kuliko ukuta wa tofali mbichi, kwa sababu miti inapinda na kurudi huku ikizuia udongo usitoke kwa mkupuo. Tumepanda kutoka kukandika hadi tofali tukidhani tumepata usalama, na kwa upande wa tetemeko tumepoteza kidogo. Anayejenga kwa tofali mbichi anaweza kuweka mkanda wa mbao mbili sambamba zilizounganishwa kwa vipande vya kukatisha, juu ya kuta zote, na kufunga kenchi humo. Aweke milango na madirisha mbali na pembe, ajenge kuta fupi badala ya ndefu, na sehemu ya pembetatu iliyo juu aijaze kwa mbao au bati badala ya tofali. Malawi ilipata matetemeko ya Karonga mwishoni mwa 2009 na baadaye ikatoa mwongozo wa nyumba salama za gharama nafuu, wenye michoro ambayo fundi asiyesoma sana anaielewa.

Kuzifunga upya nyumba zote zilizopo haiwezekani. Watu 643,542 wa sensa ya 2012, tukigawa kwa watu 5 kwa kaya, ni kaya kama 128,700. Mara Sh milioni 2 ni zaidi ya Sh bilioni 257. Hakuna bajeti ya halmashauri inayokaribia hapo. Lakini nyumba hazijengwi zote siku moja. Tukikisia kwamba kila mwaka nyumba mpya ni asilimia 3 ya zilizopo, ni nyumba 3,860. Kama fundi mmoja anajenga nne kwa mwaka, wilaya zote mbili zinajengwa na mafundi chini ya 1,000. Wafunze wote kwa wiki moja, kwa Sh 300,000 kila mmoja ikiwa ni chakula, vifaa vya mazoezi na posho: karibu Sh milioni 290. Ni bei ya madarasa 15.

Mafundi hao wanajulikana kwa majina katika kila kijiji, na mtendaji wa kijiji anawajua. Kinachohitaji kukaguliwa ni kitu kimoja, kwa siku moja: nondo zikiwa zimefungwa na zege bado halijamwagwa. Ahesabu nondo nne. Apime kati ya ringi na ringi, sentimeta 15. Atazame pembe, nondo imepinda na kuendelea mita nusu kwenye ukuta wa pili, au imekatwa pale pale. Zege likishamwagwa hakuna awezaye kujua tena kilichomo ndani, hadi ardhi itikisike.